Ndiyo ya Msimu wa Kinyume

Barua ilimfikia Melitona Góndola siku ya Jumanne mwezi Agosti, akiwa na kisu mkononi na samaki wa wateja wake aliyekwisha kuparwa upande mmoja. Mleta barua aliiweka mezani, akapokea kipande cha ndizi ya kukaanga, akaenda zake. Melitona alinawa mikono, akavaa miwani, akasoma kimyakimya. Kisha akasoma tena kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu mzito wa kuelewa.

"'Kufuatia ridhaa uliyoitoa kwa hiari yako tarehe sita Februari, unatakiwa kuhama nyumba hii katika muda wa siku tisini. Umetengewa nyumba nyingine kando ya barabara kuu, kilomita ya nne.'"

Hakuwapo wa kumsikiliza ila paka.

"Ridhaa," akamwambia paka. "Eti nimetoa ridhaa, mimi."

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alizaliwa katika nyumba hiyo, katika chumba kinachotazama mto, na miaka sita iliyopita mumewe Fulgencio alifia humo humo, kwenye kitanda cha kamba. Kijiji chake, Paso Zurrón, kina nyumba thelathini na moja, zote zimejipanga kando ya njia ya zamani ya nyumbu, ile iliyobeba fedha ya Peru kuvuka milima mpaka kwenye magulio ya Portobelo, ambako meli za mfalme wa Uhispania zilikuwa zikiisubiri. Mawe ya njia hiyo yalipangwa na watumwa, na wazao wao ndio waliobaki nayo. Kwingineko msitu umeyameza. Mto umeyang'oa mengine, na mengine watu wamejengea mazizi ya nguruwe. Ila mita kumi na moja zilibaki kama zilivyowekwa, kwa sababu babu yake Melitona alikuwa mvivu wa kutengeneza sakafu, akajenga jiko lake juu ya njia yenyewe.

Kila Jumamosi Melitona aliyasugua mawe hayo kwa majivu na ndimu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya mama. Wataalamu walipokuja na vipimo vyao walipiga magoti jikoni mwake, wakasema hawajaona kipande kizuri kama kile katika nchi nzima. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekitunza.

Mwezi Julai, redio ilipotangaza kwamba njia imeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, kengele ya kanisa ilipigwa mpaka kamba ikakatika. Melitona alipika sufuria mbili za wali wa nazi bila kuombwa na mtu. Alicheza. Aliwaambia watu kwamba sasa hata Wajapani watajua jina la jiko lake. Wiki tatu baadaye ikaja barua.

Aliketi akaikumbuka tarehe sita Februari, na kadiri alivyoikumbuka ndivyo barua ilivyozidi kukunjamana mkononi.

Kuanzia siku ya Mtakatifu Sebastiani, tarehe ishirini Januari, hadi Jumatano ya Majivu, watu wa pwani hii huwa kwenye mchezo wa Kongo. Nguo huvaliwa ndani nje. Salamu hutolewa kwa mguu badala ya mkono. Na maneno hugeuzwa: anayefika huagwa, anayeondoka hukaribishwa, mwenye njaa hulalamika kwamba ameshiba mno. Mababu waliotoroka utumwa walizungumza hivyo mbele ya mabwana, mabwana wakawaona wapumbavu, na wapumbavu hao wakapona. Atakayejisahau katika msimu akasema neno lililonyooka hutozwa chupa ya ramu papo hapo.

Siku hiyo Melitona alikuwa amevaa gauni la maua, mishono yote nje. Mlangoni walitokea wanaume wawili. Mmoja alikuwa Arquímedes Rovira, ofisa wa Ofisi ya Njia kutoka mji mkuu, shati lake limepigwa pasi hata kwenye kwapa. Wa pili alikuwa Casto Molinar, mdogo wake marehemu Fulgencio, shemeji yake mwenyewe, aliyekuwa akiwaongoza wageni wa ofisi. Casto alikuwa amevaa shati ndani nje.

"Kwa herini!" Melitona aliwapigia kelele, huku akivuta benchi na kulifuta. "Ondokeni, ondokeni, msikae!"

"Tumeshaondoka," alijibu Casto, akanyoosha mguu wa kulia. Melitona akaugonga kwa mguu wake. Rovira alitabasamu kama mtu aliyeoneshwa ngoma.

Rovira akawasha kinasa sauti. Aliuliza maswali mengi, na la mwisho lilikuwa hili: "Bi Melitona, njia hii ikipewa heshima ya dunia, uko tayari kuiachia ofisi nyumba hii?"

Melitona alicheka. Alidhani Casto amekwisha kumweleza mgeni. Alijibu kama mchezo unavyotaka, yaani kwa nguvu zote.

"Tayari? Tangu jana! Ichukueni hata leo. Nyumba hii siipendi hata chembe. Mimi sikuzaliwa humu, mume wangu hakufia humu, na mawe haya sijawahi kuyagusa. Niondoeni, nawasihi!"

Alisema haraka, maneno yakiwa yamekatwa mikia kama ilivyo desturi ya msimu, na Rovira hakuyapata yote. Akamgeukia Casto. "Amesemaje?"

"Amesema yuko tayari," alisema Casto. "Tena anawasihi."

Melitona alikumbuka vizuri kwamba hapo alicheka tena. Alidhani Casto naye anacheza.

Jumanne hiyo hiyo, baada ya barua, alimaliza samaki wake, akavua aproni, akapanda hadi kwa Casto. Kwenye lango palikuwa na kibao cha siku nyingi kilichoandikwa: CASTO MOLINAR, MKONGO HALISI, ANAJUA NJIA. Mwenyewe alikuwa uani anapaka rangi kibao kingine, kipya, chenye nembo ya ofisi.

"Shemeji, ulimtafsiria nini yule mtu wa mjini?"

"Ulichosema," alijibu Casto bila kuinua brashi.

"Nilisema nini?"

"Ulisema ndiyo. Sauti yako imo kwenye kinasa. Mimi sikukufungua mdomo kwa bisibisi."

"Ilikuwa Februari, Casto."

"Februari ni mwezi kama mingine. Serikali haina mwezi wa mzaha."

"Na mguu ulionipa?"

"Nilijikwaa."

Melitona aliitazama ile nembo mpya. "Umeahidiwa nini?"

Casto aliweka brashi chini. "Nitakuambia, maana si siri. Nyumba ya kaka yangu itakuwa makumbusho, na mimi nitakuwa mlinzi wa njia, nikae mlangoni na funguo. Wewe utakaa nyumba ya matofali yenye choo cha ndani. Sasa analia nani?"

"Nyumba ya kaka yako? Fulgencio alikuja kwetu na viatu alivyovaa na mswaki mmoja!"

"Alizipaka chokaa kuta zile miaka thelathini."

"Na mimi nilimpikia miaka thelathini, lakini tumbo lake sikuliandikisha kwa jina langu." Alijifunga kanga yake ya kichwa upya. "Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi mwaka huu nguo nimezivaa ndani nje, na bado sikukuona."

"Nenda ukapakie sufuria zako, Bi Melitona."

"Hicho choo cha ndani kaa nacho wewe. Kitakufaa kuhifadhia ulimi."

Hakuwa mtu wa kulala juu ya jambo. Aliandika pingamizi kwa mkono wake, kurasa mbili, akalipeleka Portobelo kwa basi na kusubiri mpaka likagongwa muhuri mbele ya macho yake. Ofisi ikapanga kulisikiliza pale pale kijijini, tarehe kumi na tisa Septemba, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Rovira alikaa kwenye meza ya mwalimu, na Casto pembeni yake.

"Ni suala dogo," alisema Rovira. "Bibi anadai hakutoa ridhaa. Ninayo sauti yake. Tuisikilize."

Akabonyeza. Sauti ya Melitona ikajaza darasa: tangu jana, ichukueni hata leo, siipendi hata chembe. Ilipofika kwenye mawe ambayo hajawahi kuyagusa, dawati la nyuma lilianza kutikisika kwa kicheko. Ilipofika kwenye 'nawasihi', darasa zima lilikuwa limeshindwa kujizuia.

"Sioni kinachochekesha," alisema Rovira.

"Umetukanwa dakika nzima, bwana," sauti ilitoka nyuma, "halafu ukasema asante!"

"Nyamazeni!" alifoka Casto.

"Nyamaza wewe, mwenye funguo!"

Melitona hakucheka. Alitoa mfukoni kijitabu cha rangi ambacho ofisi ilikuwa imekigawa Julai, wakati wa sherehe, akakiweka mbele ya Rovira kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa kumi na nne.

"Hiki nani ameandika?"

"Mimi."

"Soma hapo nilipopiga mstari."

Rovira alisoma bila kupandisha sauti. "'Tangu tarehe ishirini Januari hadi Jumatano ya Majivu, wazao wa watoro wa njia hii husema kinyume cha wanachokusudia. Desturi hii hai ni sehemu ya thamani ya njia.'"

"Tarehe sita Februari imo humo au haimo?"

Rovira alifunga kijitabu. Casto alijibu kwa niaba yake. "Imo, lakini siku ile hatukuwa mchezoni. Ilikuwa shughuli ya ofisi. Tulikuwa watu wazima tunaongea mambo ya watu wazima."

"Bwana Rovira," alisema Melitona, "siku ile ulitupiga picha. Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye faili. Rovira aliitoa, akaiangalia, akaiangalia tena kwa karibu. Wote wawili walikuwa wamesimama juu ya mawe, wanacheka. Gauni la Melitona lilikuwa mishono nje. Shati la Casto lilikuwa ndani nje pia, na shingoni lebo yake imening'inia kama ulimi wa mbuzi.

"Labda alivaa gizani," mtu alisema, na kicheko kikaanza upya.

Rovira aliinua mkono mpaka pakatulia. Hakuwa mtu mbaya wala mwema. Alikuwa mtu wa faili, na faili lake lilikuwa na doa. "Bwana Molinar, nina swali moja. Ulishuhudia ridhaa hii kwa sahihi yako. Siku ile, ulielewa kwamba anasema kinyume, au hukuelewa?"

Casto alilamba midomo. Kila mtu darasani aliziona njia zake mbili. Akisema alielewa, amesaini uongo, na kazi imekwenda. Akisema hakuelewa, kibao cha langoni kwake kimedanganya miaka yote, na mtu aliyepiga ngoma ya Kongo tangu akiwa na miaka minne ameukana mdomo wa mama yake.

"Sikuelewa," alisema. "Lugha ile niliijua utotoni. Nimeisahau."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja karibu na dirisha alisema taratibu, "Amesahau. Kesho atasahau na jina."

Rovira alichukua rula, akachora mstari mwekundu juu ya fomu. "Ridhaa imefutwa kwa sababu ya tafsiri isiyo sahihi." Kabla watu hawajapiga makofi, akaendelea kwa sauti ile ile. "Mpaka wa eneo la urithi haujafutwa. Nyumba iko ndani yake. Hautapigiliwa msumari, hautabadilishwa ubao, bila kibali cha mlinzi wa njia."

"Na mlinzi ni nani?" aliuliza Melitona.

"Kusahau lugha si kosa la kazi," alisema Rovira.

Casto akatazama juu kwenye dari, akatabasamu kidogo sana.

Mvua za Novemba zilipokuja, upepo uling'oa bati mbili juu ya jiko. Melitona aliomba kibali. Aliomba tena. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe kwenye kibanda cha mlinzi, na Casto, ndani ya shati la kaki lenye nembo kifuani, alimsimamisha mlangoni.

"Ombi lako linashughulikiwa, Bi Melitona." Neno 'shemeji' lilikuwa limekufa tangu Agosti.

"Mvua inapiga mawe ya dunia nzima, Casto. Yanaota kuvu."

"Mawe yamevumilia miaka mia nne. Mwenye kulowa ni wewe."

"Unasubiri nioze nitoke."

"Nasubiri utaratibu."

Alipika chini ya turubai Novemba yote na Desemba yote. Wateja walipungua, maana nani anakula samaki huku maji yanamwingia shingoni? Kila Jumamosi aliendelea kusugua, safari hii akibandua utelezi wa kijani kwa kisu. Krismasi ilipopita, ukuta wa jikoni ulikuwa umevimba, na fundi aliyeutazama kwa macho tu, bila kugusa, alimwambia hautafika Pasaka bila bati.

Tarehe ishirini Januari ngoma zililia. Banda la makuti la Wakongo lilikuwa limesimamishwa mbele ya kanisa, na Melitona, malkia wa mchezo kwa mwaka wa kumi na saba, alikaa ndani yake na taji la bati na ganda la konokono, gauni mishono nje. Rovira naye alikuja, kamera mkononi. Ofisi ilitaka picha za desturi hai. Alisimama kando ya nguzo, safi kama sahani.

Kisha akaingia Casto. Alikuwa amevaa shati lake la kaki ndani nje, nembo ya ofisi imegusa ngozi. Alifikiri, kama wengi wanavyofikiri, kwamba katika mchezo mambo ya Septemba hayaingii. Ngoma zilipunguza mwendo, zikanyamaza moja moja.

Melitona alisimama. Aliweka uso wa bashasha na kufungua mikono yote miwili.

"Karibu, shemeji!" alisema. "Karibu sana! Tulikuwa tunakungoja wewe tu. Njoo ukae hapa kando yangu."

Casto alirudi nyuma hatua moja.

Hakukusudia. Mguu ulielewa kabla ya kichwa, kama mguu wa mtu yeyote aliyelelewa humo bandani. Alipogundua amefanya nini aliganda, kisigino kimoja nje ya kizingiti, kisha akaanza kusogea mbele kwa haraka, macho yakitafuta benchi. Alikuwa amechelewa. Kicheko kilichotoka kwa watu hakikuwa na furaha ndani yake.

Rovira alishusha kamera. "Bwana Molinar," aliuliza, "mbona umerudi nyuma? Amekukaribisha."

Casto alifungua mdomo. Alitazama kamera, akamtazama malkia, akatazama kisigino chake mwenyewe.

"Nilijikwaa," alisema.

"Tena?" alisema Melitona.

Rovira alizima kamera. Alikuwa mtu wa faili, na ilionekana wazi kwamba kichwani mwake kulikuwa na ukurasa unaandikwa. Melitona alivuta benchi, akalifuta kwa mkono, akampungia. "Kwa heri, mwandishi. Ondoka upesi, usikae."

Rovira alisita. Kisha akasogea, akaketi. Casto akapita mlangoni kuelekea nje, na hakuna aliyemtakia safari njema wala mbaya.

Kibali cha bati kilifika mwanzoni mwa Februari, kikiwa na sahihi ya Rovira mwenyewe, kwa maelezo kwamba nafasi ya mlinzi wa njia iko wazi. Jumamosi ya tarehe saba fundi alikuwa juu, anapigilia, na Melitona alikuwa chini ameshika ngazi, majivu na ndimu vikimsubiri miguuni. Casto alipita njiani na ndoo ya rangi, shati lake limevaliwa kama watu wa mjini wanavyovaa. Hakutaka kutazama upande ule. Zilibakia siku kumi na moja kabla ya Jumatano ya Majivu.

"Karibu, shemeji!" Melitona alimpigia kelele kwa furaha yote aliyokuwa nayo. "Karibu ndani!"

Casto akaongeza mwendo.